Kifaa cha Kwanza Ni Kile Kinachomrudisha Mvuvi Nyumbani

Mada kuhusu uchaguzi wa zana na vifaa vya kielektroniki kwa vyombo vidogo vya baharini, iliyoandaliwa kwa mikutano ya wavuvi, manahodha na wamiliki wa vyombo katika kata za pwani



Zamani nahodha wa mwambao huu alikwenda baharini na dira, nanga, tanga na ujuzi aliorithi kwa wazee wake. Leo hii boti za faiba zenye mashine zinakwenda mbali zaidi kwa muda mfupi zaidi, na madukani vimejaa vifaa ambavyo mababu hawakuvijua: GPS, kipimakina kinachoonyesha samaki, redio ya baharini, kitoa ishara ya dharura kinachozungumza na setilaiti. Kila kimoja kina muuzaji anayekisifu, lakini hakuna mvuvi mdogo anayeweza kuvinunua vyote kwa mara moja. Swali linaloulizwa katika mada hii ni hili: mwenye fedha za kununua kimoja tu msimu huu, aanze na kipi?

Jibu ni kwamba mpangilio wa ununuzi ufuate mpangilio wa hatari. Kitangulie kile kinachomweka mtu juu ya maji, kifuate kile kinachopeleka sauti yake nchi kavu, kisha kile kinachomwonyesha alipo, na mwisho kile kinachomwonyesha samaki. Wengi hununua kinyume cha mpangilio huo, kwa sababu kifaa cha mwisho ndicho kinachoahidi kurudisha fedha. Ahadi hiyo ni ya kweli, ila ina sharti moja: mvuvi awe amerudi.

Bahari ya hapa inadai nini

Maelezo mengi ya vifaa hivi yameandikwa kwa ajili ya bahari nyingine. Mfano mzuri ni mwambao wa Pasifiki, kuanzia jimbo la British Columbia nchini Kanada hadi Alaska nchini Marekani, ambako watu huvua samaki aina ya salmoni kwa boti ndogo. Maji ya huko ni baridi kiasi cha kuidhoofisha mikono ya mtu ndani ya dakika chache, na ukungu huweza kuifunika bahari mchana kweupe. Ndiyo maana mvuvi wa salmoni huthamini rada inayopenya ukungu na mavazi yanayozuia baridi. Samaki wake pia mara nyingi hukaa chini sana, hivyo huishusha chambo kwa kigurudumu maalumu chenye waya na uzito wa risasi, huku kipimakina kikimwelekeza kina cha kuifikisha.

Mvuvi anayetoka Somanga, Kivinje, Masoko, Songo Songo au Pande hana ukungu wa namna ile, na maji yake ni ya vuguvugu. Hatari zake ni nyingine. Ya kwanza ni pepo: kaskazi na kusi hupokezana mwaka mzima, na kati yake huja matlai yenye utulivu unaoweza kumvuta mtu mbali. Ya pili ni maji kupwa na kujaa. Wakati wa bamvua tofauti ya maji hupita mita 3, na mlango uliopitika asubuhi huwa mwamba mtupu alasiri. Ya tatu ni mkondo. Mkondo wa bahari wa Afrika Mashariki hutiririka kuelekea kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi huongeza kasi.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Boti iliyozimikiwa mashine saa 12 jioni, katika mkondo wa maili 2 za bahari kwa saa, itakuwa imesogea maili 24 ifikapo saa 12 asubuhi. Hizo ni takribani kilomita 44. Ndugu watakaoanza kuitafuta alfajiri mahali ilipozoea kuvua watakuwa wanatafuta bahari tupu. Adui mkubwa wa mvuvi wa hapa ni kupeperuka, jua, kiu, na kutojulikana alipo, na vifaa vichaguliwe kwa kumkabili adui huyo.

Kuelea na kuonekana

Jaketi okozi si pambo la kuwaonyesha wakaguzi. Majaketi mengi huandikwa namba inayopima nguvu ya kumwelesha mtu, kwa kipimo cha Newton. Kila Newton 10 ni sawa na kubeba takribani kilo moja. Jaketi la 50 linamfaa mtu ajuaye kuogelea aliye karibu na msaada. La 100 linafaa maji yaliyokingwa, kama ya ndani ya ghuba. La 150 ndilo la kwenda nje ya mwamba, kwa kuwa limeundwa ili kumgeuza mtu aliyezimia uso wake uelekee juu. Kwa boti ya uvuvi, jaketi la povu ngumu linafaa kuliko lile la kujazwa hewa kwa mtungi, kwa sababu ndoana na mapezi ya samaki hutoboa, na mtungi unahitaji kubadilishwa na kukaguliwa.

Kabla ya kulipa, mnunuzi alivae na kufunga kamba zote, kisha mtu mwingine alivute mabega juu. Likipanda hadi masikioni, si saizi yake. Jaketi linahitaji pia filimbi iliyofungwa kwa uzi na vipande vinavyong'aa yanapomulikwa na tochi. Lianikwe kivulini, lisitumike kama mto wala kuwekwa kwenye petroli. Na jaketi lililozikwa chini ya nyavu halimfai anayezama.

Kuonekana nako kuna gharama ndogo kuliko inavyodhaniwa. Kanuni za kimataifa za kuzuia kugongana baharini za mwaka 1972 zinakiruhusu chombo cha mashine chenye urefu usiofika mita 7, na kisichoweza kuzidi maili 7 za bahari kwa saa, kuwasha taa moja nyeupe inayoonekana pande zote. Ngalawa au mashua ya tanga ya ukubwa huo iwe walau na tochi yenye nguvu iliyo tayari mkononi. Meli kubwa hupita mbele ya mwambao huu usiku na mchana, na nahodha wake aliye juu sana haoni chombo cha mbao kisicho na taa. Kioo kidogo cha kumulikia jua wakati wa mchana ni kifaa cha dharura kisichohitaji betri. Fataki za kuomba msaada nazo zina tarehe ya mwisho wa matumizi. Tarehe hiyo isomwe dukani, si siku ya tatizo.

Katika kundi hili hili yahesabiwe mambo ya kale ambayo mashine imewafanya watu wayasahau: makasia, tanga dogo la akiba, maji ya kunywa lita 3 hadi 4 kwa kila mtu kwa siku, na nanga yenye kamba ndefu. Ili nanga ishike vyema, kamba iwe mara 5 hadi 7 ya kina. Kwenye kina cha mita 10, hiyo ni mita 50 au zaidi. Mafuta nayo yagawanywe mafungu matatu: moja la kwendea, moja la kurudia, moja lisiloguswa.

Kusikika

Wavuvi wengi hutegemea simu ya mkononi, na haifai kuibeza. Ikiwa ndani ya mfuko usiopitisha maji, imejaa chaji, na chombo hakijaenda mbali na minara, simu huokoa maisha. Namba 112 ni ya polisi na 114 ni ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Lakini minara ilijengwa kuhudumia watu wa nchi kavu, na mtandao hukatika mahali pale pale ambapo chombo kinaanza kuwa peke yake. Zaidi ya hayo, simu huongea na mtu mmoja tu. Boti iliyo maili 2 pembeni haisikii.

Redio ya baharini ya VHF husikiwa na wote walio kwenye chaneli moja. Chaneli 16, ambayo ni mawimbi ya megahezi 156.8, ni ya kuita na ya dharura duniani kote. Redio ya mkononi hutoa nguvu isiyozidi wati 5 au 6, na ile ya kufungwa chomboni hutoa wati 25. Hata hivyo kinachoamua umbali zaidi ni urefu wa antena, kwa sababu mawimbi haya husafiri kwa kunyooka na hukatizwa na mviringo wa dunia. Watu wawili waliokaa ndani ya boti ndogo, kila mmoja na redio ya mkononi, wategemee kusikilizana kwa takribani maili 5 za bahari hali ikiwa nzuri. Antena ikifungwa juu ya mlingoti, na ya nchi kavu ikiwa juu ya jengo au kilima, umbali huongezeka mara kadhaa. Anayeweza kununua redio moja tu kwa ajili ya boti isiyo na betri anunue ya mkononi inayoelea, yenye kiwango cha IPX7, maana yake inahimili kuzama mita 1 kwa dakika 30.

Mwenye hatari ya kifo hutamka neno MAYDAY mara tatu, kisha jina la chombo, mahali kilipo, tatizo lenyewe na idadi ya watu. Baadhi ya redio zina kitufe chekundu kinachopeleka mahali chombo kilipo bila mtu kusema neno, ila hufanya kazi hiyo baada ya kuwekewa namba ya utambulisho yenye tarakimu 9. Matumizi ya redio ya baharini yanahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), hivyo mnunuzi aulize kuhusu leseni na namba hiyo kabla hajafungua pochi.

Kwa vyombo vinavyolala baharini mbali na pwani kuna kitoa ishara ya dharura cha megahezi 406. Kikiwashwa, setilaiti za mpango wa kimataifa wa Cospas-Sarsat hupokea ishara yake na kuipeleka kwenye vituo vya uokoaji. Huduma hiyo haina ada ya mwezi. Kidogo cha kuvaliwa na mtu hutoa ishara kwa saa 24 au zaidi, na cha chombo kwa saa 48 au zaidi. Mambo mawili yazingatiwe. Kwanza, kisajiliwe, ili waokoaji wajue ni cha chombo gani na wampigie nani nchi kavu. Pili, vya zamani vinavyotumia megahezi 121.5 pekee visinunuliwe hata kwa bei ya kutupa, kwa kuwa setilaiti ziliacha kuvisikiliza tangu tarehe 1 Februari 2009.

Kujua ulipo

Dira ya sumaku ndiyo ya kwanza, kwa sababu haihitaji umeme. Isifungwe karibu na spika, redio au kitu cha chuma. Umbali wa mita moja ni salama zaidi. Dira iliyowekewa simu ubavuni humdanganya nahodha naye asijue kwamba anadanganywa.

GPS huja ya pili. Simu nyingi za kisasa zina GPS inayofanya kazi hata pasipo mtandao, mradi ramani imepakuliwa mapema. Kwa anayevua karibu, hiyo yaweza kutosha kwa kuanzia. Anayekwenda nje ya mwamba usiku anahitaji GPS ya mkononi isiyoingiza maji, yenye kutumia betri za kubadilisha. Alama ya kwanza kuhifadhiwa isiwe ya mwamba wenye samaki, bali ya mlango wa bandari. Ya pili iwe ya kila jiwe na fungu lililo njiani. Na mabaharia wote, si nahodha peke yake, wajue kusoma tarakimu za mahali na kuzitamka, kwani nahodha ndiye anayeweza kuwa mgonjwa.

Kumwona samaki

Sasa kipimakina, ambacho wengi hukiita fishifainda, kinapata nafasi yake. Hupeleka sauti chini na kusubiri mwangwi. Sauti hupita katika maji ya bahari takribani mita 1,500 kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya sehemu 4 za mia za sekunde, sauti imekwenda na kurudi mita 60, basi kina ni mita 30. Mawimbi ya kilohezi 200 huonyesha mambo kwa undani kwenye kina kifupi, na ya kilohezi 50 hufika chini zaidi lakini picha yake ni pana na yenye ukungu. Mvuvi wa kwenye miamba, anayetafuta changu na chewa, ananufaika na 200. Anayevua vilindini atafute chenye yote mawili.

Nguru ni habari nyingine. Tofauti na salmoni anayefuatwa vilindini, nguru mara nyingi huwinda dagaa karibu na uso wa maji na kwenye kingo za miamba. Kwa anayeburuza mshipi, kipimakina hakimwonyeshi nguru mwenyewe kama kinavyomwonyesha ukingo ambapo nguru hupita, na ndege wanaozamia bado ni ishara njema isiyouzwa dukani. Fedha zake za zana ziende kwanza kwenye kipande cha waya mbele ya ndoana, kwa kuwa meno ya nguru hukata nailoni papo hapo. Kwenye pete za kuzunguka zinazozuia mshipi usijisokote. Na kwenye barafu. Katika joto la mwambao huu kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki ni kipimo cha busara. Samaki aliyeharibika njiani amekula petroli ile ile aliyoila aliye bora.

Kipimakina kina kazi moja zaidi ambayo wauzaji hawaitaji. Nje ya mwamba kina hushuka ghafla. Mashine ikizima, tarakimu ya kina humwambia nahodha kama nanga bado itafika chini au la. Aliye kwenye mita 15 na akatia nanga mara moja ataokotwa palepale. Aliyesubiri saa nzima akihangaika na mashine atajikuta juu ya kilindi kisicho na mahali pa kushika.

Umeme na chumvi

Vifaa hivi vyote hufa kwa sababu mbili: betri ndogo na chumvi. Hesabu ya betri ni nyepesi. Kipimakina kikitumia ampea 0.5 na taa ampea 0.5, kwa saa 10 zitatumika ampea-saa 10. Betri ya risasi haifai kushushwa zaidi ya nusu ya uwezo wake, hivyo inunuliwe ya ampea-saa 20 au zaidi. Kila kifaa kiwe na fyuzi yake, waya ziwe za shaba iliyopakwa bati, maungio yafunikwe kwa mpira na grisi, na kila jioni vifaa vifutwe kwa kitambaa chenye maji baridi. Dakika hizo tano huongeza maisha ya kifaa kuliko cheti cha dhamana.

Kinachofanyika nchi kavu

Redio bora haimsaidii mtu kama hakuna anayesikiliza. Hapa ndipo uchaguzi wa mtu binafsi unapokuwa jambo la kijiji. Kikundi cha BMU chenye redio moja ofisini, antena juu ya mlingoti mrefu, na zamu ya kusikiliza usiku, hukipa thamani kila kifaa kilichomo baharini. Kando ya redio hiyo liwepo daftari: jina la chombo, idadi ya watu, upande kinakoelekea, saa ya kuondoka na saa ya kutarajiwa kurudi. Daftari ni kifaa cha bei ya chini kuliko vyote vilivyotajwa, na ndilo linaloamua kama msako utaanza jioni ile ile au keshokutwa, chombo kikiwa kimekwisha kupita Mafia.

Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ubandikwe kila siku penye daftari hilo. Onyo la upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2 lina maana kubwa kwa ngalawa kuliko kwa meli. Kimbunga Hidaya kilichofika Mafia tarehe 4 Mei 2024 kilitangulia kutangazwa, na kinakumbusha kwamba vimbunga si hadithi za Msumbiji peke yake. Lindi ilipigwa na kimbunga Aprili 1952. Hakuna kifaa katika orodha hii kinachomfaa aliyetoka baada ya onyo.

Leseni za uvuvi na za vyombo vya uvuvi hushughulikiwa na idara ya uvuvi kwa mujibu wa Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, na usalama wa vyombo vya majini husimamiwa na TASAC, ambayo pia huendesha kituo cha uratibu wa utafutaji na uokoaji kilichopo Dar es Salaam. Kwa upande wa fedha, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 vya vijana na 2 vya watu wenye ulemavu. Kikundi kinachoandika andiko la kuomba mashine na nyavu kiandike pia majaketi na redio katika bajeti hiyo hiyo, tangu mwanzo. Mkopo wa boti iliyopotea hubaki kudaiwa kwa wanakikundi waliobaki, na mtu aliyepotea nayo hana wa kumrejesha.

Ndugu wananchi, mpangilio ni mmoja na ni rahisi kukumbukwa: kuelea, kusikika, kujua ulipo, kisha kumwona samaki. Mwenye fedha kidogo asimame kwenye ngazi ya kwanza bila aibu, na mwenye nyingi asiruke ngazi. Ofisi ya Afisa Uvuvi hupokea maswali ya anayetaka ushauri kabla ya kununua, na inafaa kuulizwa kabla fedha hazijatoka mkononi.